Sumu ya Muhogo, na Mambo Mengine ya Jikoni

Watoto, kila siku mnakula. Lakini je, mnajua ni kwa sababu gani mama analoweka, anatwanga, anafunika na kufunua chungu? Wengi wanafikiri kwamba ni desturi tu. Sivyo. Karibu kila kazi ya jikoni ina sababu yake. Na moja kati ya kazi hizo ina sababu kubwa sana: watu wakiiacha, mtoto mzima anaweza kulala jioni akiwa na miguu yake, na kesho yake asiweze kusimama.

Wavulana, sikilizeni ninyi pia. Msicheke. Siku mama atakaposafiri kwenda kumwuguza bibi, tumbo halitauliza kama wewe ni mvulana au msichana. Sisi tunaoishi pasipo wake tunalijua jambo hilo vizuri.

Tuanze na muhogo, kwa kuwa katika nchi yetu ya Kongo muhogo ndio mama wa chakula. Mizizi yake tunafanya bukari. Majani yake tunafanya sombe. Shina lake tunalikata vipande na kulipanda tena. Hata hivyo muhogo si mti wa asili ya kwetu. Wareno waliuleta kutoka Amerika ya Kusini, ng'ambo ya bahari, miaka 400 iliyopita au zaidi. Mahindi pia yalitoka Amerika, na maharagwe, na karanga, na tomati, na pilipili. Basi, mzee akikuambia kwamba bukari ya mahindi na maharagwe ni chakula cha wazee wetu tangu mwanzo wa dunia, usimbishie, maana ni mzee. Lakini wewe ujue kwamba katika sahani hiyo mawese peke yake ndiyo ya asili ya Afrika.

Kuna muhogo mtamu na muhogo mchungu. Muhogo mtamu unaweza kuumenya, kuuchemsha na kuula. Muhogo mchungu usithubutu. Ndani yake mna sumu kali, jina lake sianidi. Mtauliza: kama una sumu, kwa nini watu wanaupanda? Ni kwa sababu nguruwe wa porini, nungu na nyani hawaupendi. Wezi pia hawaupendi: mtu mwenye njaa hawezi kuung'oa usiku na kuutafuna njiani. Tena unavumilia udongo mbaya na ukame. Shamba la muhogo mchungu linajilinda lenyewe.

Sasa angalieni vizuri sumu hiyo imekaaje, maana hapo ndipo watu wengi wanapokosea. Sumu haikai wazi katika mzizi. Fikirini nyumba yenye vyumba viwili. Katika chumba kimoja mna sanduku lililofungwa, na sumu imo ndani ya sanduku. Katika chumba cha pili mna ufunguo. Muda ukuta unaposimama, ufunguo haulifikii sanduku, na muhogo unakaa salama udongoni. Lakini mnyama akiutafuna, au mtu akiutwanga, au maji yakiuozesha, ukuta unabomoka. Ufunguo unalikuta sanduku, unalifungua, na sumu inatoka. Inatoka kama mvuke usioonekana, inapanda hewani na kwenda zake; nyingine inayeyuka katika maji.

Kwa hiyo kazi ya mpishi si kuifungia sumu. Kazi yake ni kuvunja ukuta, kuacha ufunguo ufungue masanduku yote, na kuipa sumu njia ya kutoka kabla ya chakula kufika mezani.

Mtu mmoja atasema: «Mimi nitautupa muhogo mchungu katika maji ya moto, nauchemsha sana, moto utaiua sumu.» Amekosea kabisa. Moto hauliharibu sanduku upesi. Moto unauharibu ufunguo! Ukichemsha vipande vikubwa haraka, ufunguo unakufa, masanduku mengi yanabaki yamefungwa, nawe unayala. Na ndani ya tumbo lako wamo viumbe vidogo sana wasioonekana kwa macho, ambao wana funguo zao wenyewe. Hao watayafungua masanduku hapo penye hatari zaidi.

Sasa mnaelewa sababu ya kuloweka. Mama anaitia mizizi katika kijito, au katika pipa, siku tatu au nne. Mizizi inachacha, inalainika, kuta zake zinabomoka polepole, ufunguo unafanya kazi yake mchana na usiku. Baadaye mama anaitoa, anaondoa nyuzi, anaianika juani mpaka ikauke kabisa, anatwanga, anachekecha. Sumu iliyosalia inaendelea kutoka wakati wa kuanika. Je, anajuaje kwamba siku zimetosha? Hahesabu siku peke yake. Anabonyeza mzizi kwa kidole: kidole kikiingia bila nguvu, na uzi wa katikati ukivutika wenyewe, mzizi uko tayari. Kama katikati pangali pagumu, anaurudisha majini. Katika milima ya Kivu, ambako maji ni baridi, mizizi inachelewa kuchacha, na siku tatu hazitoshi. Dada mwenye haraka aliyetoka Kalemie asihesabu siku za Kalemie akiwa Butembo.

Na mtu akifupisha siku? Hapa nataka msome polepole.

Mwaka 1938 daktari mmoja Mtaliani, Giovanni Trolli, aliandika habari za ugonjwa alioukuta katika nchi ya Kwango, upande wa magharibi wa Kongo. Wenyeji, yaani Wayaka, waliuita konzo. Maana yake ni miguu iliyofungwa. Mtu alikuwa mzima. Ghafula miguu yake inakakamaa. Anatembea kwa ncha za vidole, magoti yakigusana, kama mtu aliyefungwa kamba. Wengine hawawezi kutembea hata kwa fimbo. Ugonjwa huu unawapata hasa watoto na mama wenye umri wa kuzaa. Hauambukizi. Haumwui mtu. Lakini hauponi, na mpaka leo hakuna dawa ya kuirudisha miguu ile.

Mara nyingi konzo inakuja wakati wa shida: ukame, njaa au vita. Watu wanakula muhogo mchungu asubuhi na jioni, wiki baada ya wiki, bila kitoweo. Tena kwa ajili ya njaa au ya soko wanautoa majini baada ya siku moja au mbili. Katika miaka ya vita, ugonjwa huu uliingia hata katika Kivu ya Kusini, mahali ambapo watu hawakuujua. Msiseme basi: «Hayo ni mambo ya Kwango.»

Kuna jambo la pili. Mwili una njia yake ya kuivunja sumu hiyo kidogo kidogo. Lakini kwa kazi hiyo mwili unahitaji kitu kinachopatikana katika samaki, nyama, mayai na maharagwe. Mtoto anayekula bukari pamoja na ndakala au maharagwe ana silaha. Mtoto anayekula bukari ya muhogo na chumvi tu hana silaha. Ndiyo sababu kitoweo, hata kikiwa kidogo, si anasa. Baba akirudi na pesa kidogo, kikombe cha maharagwe kinafaa nyumba kuliko chupa moja ya bia. Lakini hilo mtamwambia ninyi, kwa adabu, na kwa saa inayofaa.

Je, kama unga umekwisha kununuliwa sokoni, na hujui ulilowekwa siku ngapi? Iko njia nyepesi, na inafaa kila mtoto wa shule aijue, maana haihitaji pesa wala chombo kipya. Wataalamu wa Australia waliivumbua, na tangu mwaka 2010 mama wa vijiji vya Popokabaka, katika Kwango hukohuko, walifundishwa kuitumia. Inafanyika hivi.

Tia unga katika beseni, usawazishe juu, kisha weka alama ndani ya beseni pale unga unapofika. Ongeza maji kidogo kidogo ukikoroga. Mwanzo unga utashuka chini ya alama. Endelea kuongeza maji mpaka unga uliolowa upande tena na kufika kwenye alama yako. Hapo acha. Sasa utandaze juu ya mkeka safi au ungo, uwe mwembamba, usizidi unene wa kidole. Uache juani saa mbili, au kivulini saa tano. Maji yanaukutanisha ufunguo na masanduku yaliyosalia, na sumu inatoka hewani. Baadaye songa bukari yako kama desturi. Lakini upike siku ileile, kwa kuwa unga uliolowa haukai. Kesho utaota ukungu.

Saa tano ni ndefu? Mtoto akiulowesha unga anaporudi kutoka shule saa sita, bukari itakuwa tayari kwa chakula cha jioni. Konzo ni ya maisha yote.

Tuendelee na sombe. Majani ya muhogo yana sumu ileile, lakini pia yana ufunguo mwingi sana. Ndiyo sababu tunayatwanga kwanza, wala hatuyachemshi mazima. Kutwanga ni kuvunja kuta. Anayetwanga kwa uvivu, akaacha vipande vya majani, ameacha masanduku. Mkimsaidia mama, twangeni mpaka sombe iwe laini na yenye maji, nanyi mtasikia harufu kali ikipanda kutoka katika kinu. Kisha sombe inachemshwa katika chungu kilicho wazi. Wazi! Ukifunika tangu mwanzo, mvuke unagonga kifuniko na kurudi chini. Acha uchemke wazi muda mrefu. Halafu ndipo utie mawese, vitunguu, pilipili, na samaki kama wapo. Nimeona watu wanatia mawese mwanzoni ili sombe ipate ladha. Nadhani hawapati ladha yoyote zaidi, wanapoteza mawese tu.

Na mawese yenyewe msiyachome. Rangi yake nyekundu si pambo: ndiyo inayoupa mwili vitamini A, ambayo macho yanaihitaji, hasa macho ya watoto wadogo. Kuna wapishi wanaoyaweka mawese juu ya moto mkali mpaka yatoe moshi na kugeuka meupe. Wanasema yamekuwa safi. Kumbe wameunguza kile kilichokuwa na thamani.

Ndakala nimezitaja. Wakaaji wa ziwa Tanganika wanazijua tangu zamani. Lakini ziwa Kivu halikuwa nazo. Mwishoni mwa miaka ya 1950 watu walichukua samaki wachanga kutoka Tanganika na kuwatia katika ziwa Kivu. Wakazaana, na leo watu wa Bukavu na Goma wanawaita sambaza. Samaki hawa wadogo huliwa wazima, pamoja na mifupa, na mifupa hiyo inajenga mifupa yenu na meno yenu. Ukizinunua kavu, osha mara mbili kwa maji ya uvuguvugu ili mchanga utoke, kisha zikaange kidogo kabla ya kuzitia katika mchuzi. Zikitiwa mbichi zinavunjikavunjika.

Sasa maharagwe. Hapa makala mengi yanapotea bure, na makala ni ghali, tena kila gunia ni miti iliyokatwa.

Loweka maharagwe usiku kucha. Asubuhi mwaga maji yale, weka maji mapya. Maharagwe yaliyonywa maji usiku yanaiva upesi kuliko makavu. Usitie tomati wala ndimu kabla hayajalainika. Vitu vikali vinaifanya ngozi ya maharagwe kuwa ngumu, nawe utachochea moto mpaka jioni. Tomati zingoje mwisho.

Jambo la pili linawashangaza wengi. Maji yanapochemka, hayawezi kuwa ya moto zaidi, hata ukiongeza makala ya gunia zima. Yatarukaruka kwa nguvu zaidi, yatageuka mvuke upesi zaidi, lakini joto ni lilelile. Basi, chungu kikianza kuchemka sawasawa, ondoa makala kadhaa, yazime katika majivu, uyatunze kwa kesho. Acha chungu kichemke kwa utulivu, kimefunikwa. Haraka ya mpishi haimo katika moto mkubwa. Imo katika kifuniko.

Lakini joto hilo la kuchemka halilingani mahali pote. Huko Muanda, kando ya bahari, maji yanachemka kwenye digrii 100. Kadiri unavyopanda mlima, hewa inakuwa nyepesi, haiyakandamizi maji kwa nguvu, nayo yanachemka mapema. Kila meta 300 za kupanda, toa karibu digrii 1. Kalemie, kando ya ziwa Tanganika, maji yanachemka karibu na digrii 97. Bukavu, ambayo iko juu karibu meta 1500, ni karibu digrii 95 tu. Kwa hiyo maharagwe ya Bukavu yanakawia kuiva, hata yakitoka katika gunia moja na yale ya Kalemie. Si kosa la mama. Ni kosa la mlima! Wale wa darasa la tano wanaweza kufanya hesabu ya mji wao wenyewe, kama mwalimu anajua urefu wake.

Maharagwe mabichi, hasa yale mekundu, nayo yana sumu yake. Haifanani na ile ya muhogo: hii moto unaiua. Lakini lazima uwe moto wa kuchemka kweli, dakika kumi au zaidi. Maharagwe yasiyoiva yanaleta kutapika na kuhara. Kumbukeni neno hilo, maana sasa nitawapa dawa ya kupunguza makala, na mtu aliyesahau neno hilo atajidhuru.

Dawa yenyewe ni kapu. Tafuta kapu kubwa, litandike ndani kwa majani makavu ya migomba, au nguo kuukuu, au blanketi iliyochakaa, unene wa mkono pande zote. Loweka maharagwe, yachemshe kwa nguvu nusu saa. Kisha chungu kikiwa bado kinachemka, kifunike, kiondoe motoni, kitie upesi ndani ya kapu, kifunike kwa mto wa majani au nguo. Nenda shambani. Usifunue, hata kama unatamani kuchungulia. Joto halina njia ya kutoka, na maharagwe yanaendelea kuiva yenyewe, bila moto wala mtu wa kuyalinda. Baada ya saa nne utayakuta laini au karibu laini. Yarudishe motoni, yachemke tena, utie chumvi, vitunguu na tomati. Wali nao unakubali kapu. Bukari haikubali, bukari inataka mkono na mwiko.

Kuhusu bukari nitasema maneno machache tu, kwa sababu kila nyumba inafikiri kwamba ya kwake ndiyo nzuri. Mabonge yanatoka wapi? Unga mkavu ukianguka katika maji ya moto, nje yake inashikana mara moja na kufunga mlango. Ndani unabaki mkavu. Kwa unga wa mahindi, koroga kwanza unga kidogo katika maji baridi, umimine katika maji ya moto, uache uwe uji na kuchemka vizuri. Ndipo uongeze unga mwingine na kusonga. Na kama unachanganya mahindi na muhogo, mahindi yatangulie, maana yanachelewa kuiva. Unga wa muhogo uingie mwisho.

Mahindi na karanga zenye ukungu, zilizogeuka rangi ya kijani au nyeusi, tupa. Usiseme moto utasafisha. Sumu ya ukungu huo haisikii moto wa jikoni, na ikiliwa siku nyingi inaharibu ini. Kuku pia usiwape, kwa sababu nao wataugua.

Chumvi iwe na iodini. Zamani katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya ziwa Kivu, na katika nchi ya Uele, watu wengi walikuwa na uvimbe mkubwa shingoni, na watoto wengine walizaliwa na akili nzito, kwa kuwa udongo wa kule hauna iodini ya kutosha. Muhogo wenye sumu ulizidisha ubaya huo. Iodini kidogo sana katika chumvi inatosha kuuzuia. Lakini iodini inapotea upesi: weka chumvi katika chombo chenye kifuniko, mbali na moto na unyevu, na uitie chakula kinapokaribia kuiva. Na mtu akizidisha chumvi? Wanasema tia kiazi, kiazi kitaivuta. Kiazi kinakunywa mchuzi pamoja na chumvi yake, basi. Mchuzi unaobaki ni mkali vilevile. Ongeza maji, au ongeza maharagwe. Hakuna njia nyingine.

Pilipili ikikuunguza mikononi, maji peke yake hayasaidii, maana ukali wake hauyeyuki katika maji. Paka mafuta kwanza, sugua, kisha osha kwa sabuni. Na kabla ya hapo usiguse macho yako, wala macho ya mdogo wako.

Limebaki jambo la moto, na hili ni la ninyi kabisa, kwa sababu mara nyingi ni mtoto anayeachwa kulinda jiko.

Mafuta yakiwaka ndani ya sufuria, usimwage maji! Maji ni mazito kuliko mafuta. Yatazama chini, yatageuka mvuke mara moja, na kuyarusha mafuta yanayowaka juu ya uso wako na juu ya paa. Chukua kifuniko, kisukume polepole juu ya sufuria, ufunike. Moto usiopata hewa unakufa. Usiibebe sufuria hiyo kwenda nje. Acha ipoe yenyewe, wala usifunue upesi.

Mtu akiungua, mwagia jeraha maji safi ya baridi dakika ishirini. Dakika ishirini ni ndefu, mtoto atalia, wewe endelea. Usipake mafuta, wala chumvi, wala dawa ya meno, wala majivu. Usipasue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi, na kama jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha mtoto huyo, au liko usoni, mpeleke zahanati siku hiyohiyo.

Mwisho, mbabula. Huko milimani usiku ni baridi, na makala yaliyobaki katika mbabula yanang'aa vizuri, hayatoi moshi. Watu wanaona ni hasara kuyaacha nje. Wanaiingiza mbabula chumbani, wanafunga mlango na dirisha, wanalala. Lakini makala yanayowaka polepole yanatoa hewa ya sumu ambayo haina rangi, haina harufu, haina moshi. Inaingia katika damu na kukaa mahali pa hewa njema. Kwanza kichwa kinauma, kisha kizunguzungu, kisha usingizi mzito, na wengine hawaamki. Ukiamka usiku unasikia kichwa kinauma, na mbabula imo ndani, usilale tena kwa kusema utaona asubuhi. Fungua mlango, mwamshe yaya, watoeni wadogo wote nje kwenye hewa. Asiyeamka mvuteni hivyohivyo, hata kwa miguu, kisha waiteni watu. Mbabula iachwe, ataitoa mtu mzima, chumba kikiisha kupata hewa.